Shajara ya mradi: msimu mmoja wa kutazama mpira kwa macho ya refa

Kabla ya kuanza

Mpira nimeushabikia tangu utotoni, na kwa miaka yote hiyo refa nilimjua kwa sura moja tu: yule anayetuonea. Mradi wenyewe ni huu. Nasoma kozi ya uamuzi, nachezesha mechi za ngazi ya chini kwa msimu mmoja, na kila wiki natazama angalau mechi moja ya televisheni nikiwa na daftari. Daftari lina swali moja. Bao au tukio kubwa lilipotokea, macho yangu yalikuwa wapi? Naandika M kama yalikuwa kwenye mpira, K kama yalikuwa kwingine.

Mechi ya kwanza nimeitazama leo, kabla sijakanyaga darasani. Matukio 14, yote M. Wala sikushangaa. Mtu anayetazama mpira atatazama nini kingine?

Wiki ya 2

Sheria za Mchezo ni 17. Bodi inayozitunga, IFAB, ipo tangu 1886, na mimi nilijiona nazijua kwa sababu nimebishana juu yake maisha yangu yote. Jaribio la kwanza lilikuwa na maswali 20. Nikapata 9.

Moja lililonimaliza: mchezaji anarusha mpira wa pembeni kumrudishia kipa wake, kipa anaukosa bila hata kuugusa, mpira unaingia golini kwao. Nikaandika bao, tena kwa kujiamini. Jibu ni kona. Mpira wa kurusha haufungi bao moja kwa moja, uende goli la mpinzani au la mrushaji mwenyewe. Jingine: ni wakati gani mchezaji hahesabiwi kuotea (offside) hata akiwa amesimama peke yake na kipa? Akipokea moja kwa moja kutoka mpira wa kurusha, kona au goli kiki. Mbili nilizitaja, goli kiki nikaisahau.

Aliyenisumbua zaidi ni "beki wa mwisho". Nilimtafuta kwenye kitabu cha sheria ukurasa hadi ukurasa. Hayumo! Kilichomo ni kosa la kumnyima mpinzani nafasi ya wazi ya kufunga, na refa anapima mambo manne: umbali hadi golini, mchezo ulikuwa unaelekea wapi, mshambuliaji angeweza kuumiliki mpira, na mabeki walikuwa wangapi na wapi. Beki anaweza kuwa wa mwisho kabisa akaangusha mtu anayekimbilia kibendera cha kona, akapata njano tu. Anaweza pia kuwa na mwenzake kando, aliye mbali na njia ya mpira, akala nyekundu. Na ile "ameanza kugusa mpira" tunayoililia vibandani? Nayo si kinga. Ukigusa mpira kisha ukamvunja mtu mguu, umemvunja mguu.

Jioni nilikuwa na Sahibu, rafiki ninayetazama naye mpira tangu tuko shule. Mtangazaji akapiga kelele, "Beki wa mwisho yule, nyekundu hiyo!" Nikamwambia Sahibu kitu hicho hakipo. Akanigeukia taratibu.

"Siku mbili darasani, ndugu yangu. Siku mbili."

M 9, K 0. Ujuaji umeanza, macho bado.

Wiki ya 4

Leo nimeshika kibendera kwenye mechi ya kweli, na ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kuona mtu akiotea. Nimeona marudio ya watu waliootea, basi.

Kuotea hupimwa pale mpira unapopigwa, si pale unapopokelewa. Mpigaji yuko kule, mita 40 kutoka kwangu. Mkimbiaji yuko hapa, kwenye mstari wa mpinzani wa pili kutoka mwisho, kipa naye akihesabiwa. Macho ni mawili lakini yote yanaangalia sehemu moja. Nikimtazama mpigaji, hadi nigeuke mkimbiaji ameshahama. Mkufunzi alituambia dawa ni sikio: kaa sambamba na beki, macho yako yakae kwenye mstari, mpira usikilize. Mpira mrefu ukipigwa vizuri unatoa mlio mzito, mfupi, kama mtu anagonga mlango kwa ngumi. Ukiusikia tu, picha iliyo mbele yako ndiyo ya kuhukumu. Mpigaji mwenyewe unamwacha kwenye pembe ya jicho.

Nyumbani nikapiga hesabu ambayo afadhali nisingeipiga. Mshambuliaji anakimbia mita 7 kwa sekunde kwenda golini. Beki anapanda juu mita 3 kwa sekunde kumtega. Wanapishana kwa mita 10 kila sekunde, kwa hiyo ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde aliyekuwa sambamba yuko mbele kwa mita nzima. Halafu sauti nayo inasafiri. Kutoka mita 40 inanifikia imechelewa zaidi kidogo ya sehemu hiyohiyo ya kumi ya sekunde. Juu ya hapo akili ina tabia ya kukisogeza mbele kitu kinachokimbia, ukakiona pale kinapokwenda badala ya pale kilipo. Ndiyo maana kibendera kinachokosea mara nyingi humwonea mshambuliaji.

Dakika ya 31 nilimwonea mmoja. Winga wa kulia, jezi yake imechomoka nje ya bukta, alikuwa sambamba na beki, na sambamba si kuotea. Nililijua hilo, hata kwenye jaribio nililipata. Lakini kiungo alipouchukua mpira nikavutika kumtazama yeye, kwa sababu alikuwa ametoka kumpiga mtu chenga nzuri sana. Nilipogeuka, winga yuko mbele mita moja na nusu. Kibendera juu. Winga akafunga, refa akakataa bao. Nyuma yangu, karibu kabisa na mstari, kulikuwa na mzee mmoja amekaa kwenye kiti cha kukunja. Hakunitukana. Aliuliza tu, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko tusi:

"Mwanangu, ulikuwa unaangalia nini?"

Nilikuwa naangalia mpira, mzee wangu. Sikumjibu.

Wiki ya 5

Mtihani wa mbio. Marefa wa kimataifa wa kiume hukimbia mita 40 kwa kasi mara sita, kisha mita 75 za kukimbia na 25 za kutembea, mara 40, ambazo jumla yake ni kilomita 4. Wetu ni mwepesi kuliko huo. Nimefaulu, nikaenda nyuma ya vyoo nikainama dakika kumi. Sitaandika zaidi.

Wiki ya 7

Mechi yangu ya kwanza na kipenga. Nilikuwa nimekitia mdomoni, hapo ndipo lilipo kosa.

Kiungo namba 7 aliangushwa karibu na duara la kati. Faulo ya wazi, nikapuliza palepale, najisifu kwa wepesi. Kabla mlio haujaisha nikaona mpira haukusimama. Umejiviringisha hadi kwa mwenzake aliyekuwa peke yake, mbele yake kipa tu. Akaenda akafunga, huku kila mtu akijua si bao. Wakanijia wachezaji watano, na namba 7 mwenyewe bado yuko chini, ananitazama kama mtu aliyeibiwa mara mbili.

Kipenga kikilia kimelia. Mkufunzi aliniita pembeni wakati wa mapumziko: "Kitoe mdomoni. Kishike mkononi. Ule muda wa kukipeleka mdomoni ndio muda wa kufikiri." Kipindi cha pili nilikishika mkononi, nikawa nahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, ndipo naamua. Sheria inaruhusu: ukipeta, yaani ukiacha mchezo uendelee kwa faida ya aliyefanyiwa faulo, na faida isitokee ndani ya sekunde chache, unarudi kwenye faulo. Dakika ya 70 nilipeta kwa mara ya kwanza kwa makusudi, mikono yote miwili mbele, "Cheza! Cheza!" Shambulizi halikuzaa kitu, lakini usiku nililala vizuri.

Kwa sababu hiyo wiki hii nimetazama upya Argentina na Uingereza, Kombe la Dunia, 22 Juni 1986. Bao la kwanza la Maradona, la mkono, dakika ya 51. La pili dakika ya 55, lile la kuwapita Waingereza kuanzia nusu yake mwenyewe. La pili nimeliona mara zisizo na idadi, na kila mara nilimtazama Maradona. Safari hii nikalitazama kwa kumfikiria Ali Bennaceur, refa Mtunisia. Yeye aliwahi kueleza kwamba katika mbio zile Waingereza walijaribu kumwangusha Maradona mara tatu, na kila mara alisema faida, mchezo uendelee. Hebu fikiria kipenga kingekuwa mdomoni. Dakika nne tu nyuma ametoka kukubali bao la mkono, watu wamemzonga, na bado akawa na utulivu wa kutopuliza. Kwa lile la kwanza, alisema alimtazama msaidizi wake, Mbulgaria Bogdan Dochev, akamwona anarudi katikati ya uwanja. Mshika kibendera akikimbia kurudi katikati, hiyo ni ishara ya bao halali. Miaka yote nilikuwa nasema refa yule alikuwa kipofu. Kumbe alikuwa anatafuta jicho la pili, na jicho lile lilimwambia bao.

Matukio 8: M 5, K 3.

Wiki ya 8

Mpira umenigonga mgongoni na timu nyingine ikaupata. Tangu 2019 hapo refa anasimamisha na kudondosha mpira, zamani mchezo ungeendelea. Kocha hakuijua sheria hiyo na tukaelimishana kwa sauti. Nimejifunza kukimbia kwa mshazari, kona hadi kona, ili mchezo ubaki kati yangu na msaidizi.

Wiki ya 10

Kadi hazikuwepo siku zote. Zilianza kutumika Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico, wazo la Mwingereza Ken Aston, aliyekuwa refa, na chanzo kilikuwa taa za barabarani. Kabla ya hapo refa alimwonya mchezaji kwa maneno, na kama hawasikilizani lugha, kila mtu alibaki na tafsiri yake. Mashindano yale ya 1970 hakuna mchezaji hata mmoja aliyetolewa kwa nyekundu.

Lakini kazi halisi ya kadi iko kwenye kalamu. Timu, namba, dakika, kosa. Leo nimempa njano namba 8, nikaandika "8, dk 22, kuchelewesha". Timu sikuandika. Uwanjani kuna namba 8 wawili. Tangu dakika ya 23 hadi ya 64 nilichezesha huku kichwani napiga picha ile upya: alikuwa na soksi nyeupe au za bluu? Nilipoona msaidizi ameandika kwake nilitaka kumkumbatia.

Refa Mwingereza Graham Poll alikutwa na hilo mbele ya dunia, kwenye Kombe la Dunia. 22 Juni 2006, Stuttgart, Croatia na Australia. Josip Šimunić wa Croatia alipewa njano tatu ndipo akatolewa. Poll alieleza baadaye kwamba ile ya pili aliiandika kwa namba 3 wa Australia badala ya namba 3 wa Croatia. Šimunić alizaliwa Australia na anazungumza kama Mwaustralia. Nilicheka sana siku ile, na nikamcheka kwa miaka. Sasa kila mechi ya televisheni, refa akitoa kadi, namtazama mkono wa pili. Anaandika lini? Anaandika akiwa amewageuzia nani mgongo? Wazuri huandika wakirudi kinyumenyume, macho yako kwa wachezaji. Hilo nalo ni K.

Wiki ya 13

Marudio ya taratibu ndiyo adui wangu mpya. Kila mguso ukipunguzwa kasi unakuwa mauaji. Mguu unafika polepole, unagusa, unazama, uso wa aliyeguswa unakunjamana, na unajiuliza hawa watu wana roho gani. Kwa kasi ya kawaida ni watu wawili waliogongana wakikimbilia kitu kimoja. Kumbe hata utaratibu wa VAR, refa msaidizi wa video, unalijua hilo: picha ya taratibu ni ya kuonyesha mahali, wapi mguu uligusa, wapi mpira ulitoka, uzito wa kosa hupimwa kwa kasi ya kawaida. Mtangazaji hana utaratibu huo. Yeye anarudia mara sita, taratibu, halafu anashangaa refa hakuona alichokiona yeye mara ya sita.

Jumapili nilijitia moyo nikatazama Ghana na Uruguay, robo fainali ya Kombe la Dunia, 2 Julai 2010. Sijawahi kuirudia tangu siku ile. Bao 1-1, sekunde za mwisho za muda wa nyongeza, Luis Suárez yuko kwenye mstari wa goli, anauzuia kwa mikono mpira uliokuwa unaingia. Nyekundu. Penalti. Asamoah Gyan anapiga, mtambaa panya. Uruguay wakashinda kwa matuta, 4-2.

Kwa miaka nimesema tuliibiwa. Leo nimelitazama tukio lile la mkono kama ningekuwa mimi mwenye kipenga, nikaandika pembeni: kosa limeonekana, mpira umewekwa penye nukta, mkosaji yuko nje. Mpira haukuvuka mstari, na hakuna sheria inayotoa bao kwa mpira ambao haukuvuka. Ningefanya nini tofauti? Hakuna. Nimekaa na daftari muda mrefu. Moyo bado unauma kama mwanzo, ila sasa sina wa kumlaumu, na hilo kwa kweli ni baya zaidi.

Wiki ya 16

Sahibu amenuna. Timu yetu ilifunga, wote wakaruka, mimi nikabaki nimekaa. Nilikuwa nasubiri nione kibendera kiko chini.

"Wewe siku hizi hutazami mpira," akasema. "Unakagua."

Nilitaka kumbishia nikakosa la kusema. Kushangilia kwangu kumechelewa kama sekunde mbili, na bao likichelewa sekunde mbili huwa limeshapoa. Mpira wa adhabu ukipigwa, mimi nahesabu mita 9.15 za ukuta na kuangalia nani kamshika nani jezi. Kipa akidaka, naanza kuhesabu, maana kuanzia msimu wa 2025 akishikilia zaidi ya sekunde 8 ni kona kwa wapinzani. Nahesabu kwa sauti. Sahibu hapendi.

Nilichopata badala yake ni kigumu kumweleza. Faulo mbaya ya dakika ya 60 haianzi dakika ya 60. Wiki iliyopita kwenye mechi yangu, namba 6 alisukumwa kidogo mgongoni dakika ya 44, nikaona si kitu, nikapeta. Dakika ya 51 alipoteza mpira, akageuka, na badala ya kuutafuta mpira akamtafuta kwa macho namba 10. Mpira ulikuwa mita 30 kutoka pale. Nikasogea. Sikupuliza, sikutoa kadi, nilimpita karibu nikamwambia, "Sita, nimekuona, kaka." Akacheka. Mechi ikaisha bila kadi kati yao, na waliokuwepo hawana habari kwamba kulikuwa na jambo. Sasa kwenye televisheni nawatafuta hao: anayetazama mtu badala ya mpira. Nikimwambia Sahibu "huyu atapata kadi kabla ya dakika ya 70", mara nyingine napatia. Mara nyingine anafunga bao zuri na Sahibu anacheka hadi anakohoa.

Wiki ya 18

Nimekaa jukwaani kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze, na nimegundua televisheni imekuwa ikininyima. Kamera inaufuata mpira, kwa hiyo nami nalazimika. Jukwaani nimemtazama mshika kibendera mmoja kwa dakika 20 mfululizo. Anatembea kiupandeupande ili kifua kikae uwanjani. Kibendera kiko mkono ulio upande wa refa, na akibadili mwelekeo anakihamishia mkono mwingine chini, mbele ya mwili, bila kukitazama. Mimi hubadili juu, kama mtu anayepunga kwaheri. Nimerekebisha.

Wiki ya 20

Fainali, televisheni, Sahibu na watu wengine wanane kwenye sebule moja. Niliacha daftari mfukoni. Nilijiahidi kutazama kama zamani, na kipindi cha kwanza niliweza: nilipiga kelele, nikamtukana kipa, hata nikadai penalti ambayo nilijua kabisa haipo.

Dakika ya 83 ikapigwa krosi ndefu. Beki na mshambuliaji walikuwa wanavutana nguzo ya mbali, mkono wa mmoja umezama ndani ya jezi ya mwenzake, na macho yangu yakaenda huko yenyewe. Sebule ikalipuka. Viti vikaanguka, mtu akanikanyaga. Sahibu akanishika mabega ananitikisa.

"Umeliona? Umeliona hilo bao?"

Sikuliona. Nilikuwa nimeona mshika kibendera anakimbia kurudi katikati.